Aliyetangulia Kusoma

Mwaka 1914 Ziwa Nyasa lilikuwa na manahodha wawili waliojuana vizuri. Rhoades alikuwa Mwingereza, nahodha wa Gwendolen, meli ya serikali ya Nyasaland. Berndt alikuwa Mjerumani, nahodha wa Hermann von Wissmann, meli iliyoingia ziwani mwaka 1893. Ziwa lenyewe ni refu, zaidi ya kilomita 550 kutoka kaskazini hadi kusini, lakini watu wa kuzungumza nao mambo ya stima walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo walipokutana bandarini walikaa pamoja, wakanywa pamoja, na wanaosimulia habari zao husema walikuwa marafiki wa kweli.

Mwezi Agosti vita vikatangazwa Ulaya. Telegramu ikafika upande wa Nyasaland. Upande wa pili wa ziwa, wa Wajerumani, hakikufika kitu. Rhoades akapewa amri ya kuimaliza meli ya Wajerumani, na alijua pa kuitafuta: ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, ghuba ambayo leo ni Liuli, Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Gwendolen ikatia nanga mbele ya ghuba, ikaanza kufyatua mzinga wake mdogo. Risasi za kwanza zilikosa. Berndt aliposikia mshindo ule akaingia katika mashua ndogo, akapiga kasia moja kwa moja kuelekea kwenye mzinga, na alipofika karibu akamuuliza rafiki yake, kwa ukali, kama amelewa. Akapandishwa melini. Huko ndiko alikoambiwa kwamba nchi zao zinapigana, na kwamba yeye ni mateka.

Magazeti ya London yalikifurahia sana kisa hicho, yakakiita ushindi wa majini, na tangu hapo kimerudiwa katika vitabu vingi kama jambo la kuchekesha. Lakini kinafaa kutazamwa kwa makini zaidi. Asubuhi ile watu wawili waliopendana walisimama pande mbili za karatasi moja: mmoja alikuwa ameisoma, mwenzake bado. Berndt hakuwa mjinga wala mwoga. Alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye rafiki angefanya, kwa habari alizokuwa nazo.

Ukanda huu wote, kuanzia Lituhi kushuka Liuli hadi Mbamba Bay, na milima ya Mbinga inayoutazama kutoka juu, umeyajua maandishi kwa mpangilio huo huo. Kuna anayetangulia kusoma na kuna wanaosubiri kusomewa. Kati yao pana nafasi ndogo, na ndani ya nafasi hiyo tabia ya binadamu huonekana waziwazi kuliko mahali pengine popote: upendo, ujanja, subira, wivu, na ule uwezo wa mtu asiyejua herufi hata moja wa kujua kwamba anadanganywa.

Liuli hiyo hiyo ya Berndt ina kaburi la msomaji mwingine. William Percival Johnson alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma Oxford, na mwaka 1876 akajiunga na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Alifika Nyasa akiwa kijana na hakuondoka tena, isipokuwa kwa likizo na maradhi. Macho yake yaliharibika mapema. Jicho moja lilipofuka na la pili liliona kwa taabu. Mtu huyo mwenye nusu ya jicho ndiye aliyeitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Alikufa Liuli mwaka 1928, na kaburi lake linaheshimiwa na waumini hadi leo.

Namna alivyofanya kazi inastahili kuangaliwa. Mtu asiyeona vizuri hawezi kufanya tafsiri peke yake chumbani. Anahitaji kusomewa, anahitaji masikio ya wenyeji yamwambie sentensi ipi inapita na ipi inakwama, anahitaji mtu wa kumshikia taa. Kitabu kinachotoka katika kazi ya namna hiyo kina jina moja juu ya jalada na pumzi za watu wengi ndani yake. Majina machache ya wenyeji wa misheni ile yametufikia kwa sababu wenyewe waliandika: Padri Augustine Ambali, aliyewahi kuwa mtumwa, aliacha kumbukumbu za miaka yake Nyasa, na Padri Yohana Abdallah wa Unangu, upande wa Msumbiji, aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao, ikachapishwa mwaka 1919. Wengine wengi walisoma, wakasahihisha, wakarudi kuvua samaki, na hakuna anayejua majina yao.

Ni Johnson pia aliyepigania kuwe na meli ya shule. Chauncy Maples ilijengwa Glasgow, ikavunjwa vipande zaidi ya 3,400, ikasafirishwa kwa bahari na mto. Bwela lake lilikuwa na uzito wa tani 11 na halikuweza kugawanywa. Lilifungwa magurudumu na kuvutwa kwa kamba na Wangoni wapatao 450, njia ya porini ya kilomita mia moja hivi. Meli ilishushwa majini mwaka 1901. Ndani yake palikuwa na kanisa dogo, nafasi ya wagonjwa, na mahali pa kulala wanafunzi waliofundishwa huku meli ikitembea. Walimu walishushwa kijiji hadi kijiji, kila mmoja na vitabu vyake, na meli ikaendelea na safari.

Hebu fikiria hali ya mwalimu huyo baada ya meli kupotelea nyuma ya rasi. Ana vitabu vichache vilivyochapishwa kwenye mtambo wa misheni kisiwani Likoma. Wanaomzunguka ni wavuvi, wanawake wanaoanika usipa mchangani, watoto, na wazee wanaomtazama kwa mashaka. Anafungua ukurasa na kusoma kwa sauti. Kuanzia saa hiyo wanakijiji wana mambo mawili ya kupima: yanayosomwa, na anayesoma. Je, analipa madeni? Anampiga mkewe? Anapogawa samaki, anachukua fungu gani? Maneno mema kutoka kinywa cha mtu mchoyo yalisikilizwa nusu nusu, na sidhani kama kuna mhakiki wa vitabu, awe wa Dar es Salaam au London, anayefanya kazi yake kwa umakini kuliko wanakijiji hao.

Milimani mambo yalikwenda kwa njia ya Wabenediktini. Peramiho, karibu na Songea, ilianzishwa mwaka 1898, na mtambo wake wa uchapaji ukaja kuwa mkubwa, ukitoa vitabu vya sala, nyimbo na masomo vilivyobebwa hadi vigango vya mbali vya Umatengo, nchi ya milima ya Mbinga. Katika nyumba nyingi kitabu cha sala ndicho kilikuwa kitabu pekee. Kilivikwa jalada la karatasi ngumu ya mfuko wa saruji, pembe zake zikawa laini kama kitambaa kwa kushikwa, na kati ya kurasa zake yakahifadhiwa mambo yote ya nyumba: cheti cha ubatizo, risiti ya kodi, picha ya ndugu aliyekwenda Tanga, barua zake.

Barua hizo zina historia yake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika la kuandikisha vibarua, SILABU, na Songea, ambayo wakati huo ilijumuisha Mbinga na mwambao, ilikuwa moja ya sehemu walikochukuliwa manamba. Wanaume wakaondoka kwa makundi. Waliobaki wakawa wanangoja karatasi, na karatasi ilipofika ilihitaji msomaji: katekista, mwalimu, karani, au mtoto wa jirani aliyefika darasa la nne.

Katika chumba cha kusomewa barua hapakuwa na siri. Msomaji alijua kabla ya mke kwamba fedha hazikutumwa. Alijua kabla ya baba kwamba mwana ameoa huko huko. Kuna aliyesoma kila neno bila kupepesa, akaacha nyumba ikilia. Kuna aliyeona sentensi mbaya inakuja, akaiviringa, akaendelea na salamu. Na kuna aliyesoma kama ilivyoandikwa, kisha akatoka akaisimulia kilabuni.

Mama asiyejua kusoma hakuwa mnyonge kabisa mbele ya watu hao. Alikuwa na macho.

"Mwalimu, mbona karatasi imejaa pande zote mbili, na wewe umemaliza upesi?"

Msomaji akikohoa, ameshajibu. Mama angeikunja barua, amshukuru, ampe mayai mawili, na kesho yake amwite mtoto wa jirani aisome upya, kisha aweke usomaji wa kwanza na wa pili sambamba kichwani mwake, atafute palipopungua. Huo ni usomi. Watu waliwaita wanawake wa namna hiyo wasiojua kitu kwa sababu walitia dole gumba badala ya sahihi, lakini kazi waliyoifanya, ya kulinganisha nakala mbili za habari moja na kugundua mkono wa mhariri, wanafunzi wa chuo kikuu hufundishwa kwa mihula kadhaa.

Kuna namna nyingine ya kusomewa, isiyo na barua wala mtumaji: kuandikwa na wengine, na wengine hao hao wakasoma. Wamatengo waliishi milimani penye miteremko mikali na wakabuni kilimo cha ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana kama wavu; wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika majani, hata mlima mzima unakuwa na vishimo vya mraba vinavyoshika maji ya mvua na kuzuia mmomonyoko, huku majani yakioza chini ya matuta na kuyarutubisha. Mahindi na maharage hupokezana hapo. Mwaka 1938 afisa wa kikoloni aitwaye Pike aliyaeleza hayo kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Baadaye wakaja wataalamu wengine, wakiwamo Wajapani walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ngoro ikajulikana mbali sana duniani. Mtu wa Kyoto angeweza kusoma habari za shamba la bibi wa Litembo kabla bibi mwenyewe hajajua kwamba shamba lake limechorwa.

Ndiyo maana kitabu kidogo cha Egno Ndunguru, Historia, Mila na Desturi za Wamatengo, kilichotoka mwaka 1972, kina uzito usiopimwa kwa idadi ya kurasa. Kiliandikwa na mwenyeji kwa Kiswahili, ili wanaosemwa waweze kukishika mikononi. Kitabu cha aina hiyo kikiingia katika nyumba ya watu waliotajwa, hakisomwi kuanzia mwanzo. Mtu hutafuta kwanza ukoo wake, kisha ukoo wa mkwe wake, kisha mahali ambapo mwandishi amekosea. Akishapapata, anaanza kuiamini sehemu iliyobaki ya kitabu. Waandishi huumia wakikosolewa hivyo, ingawa hakuna heshima kubwa kuliko hiyo: anayebishana na kitabu amekichukulia kuwa mtu mzima mwenzake.

Miaka hiyo hiyo nchi nzima ilikuwa imeingia darasani. Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takribani watu wazima wawili kati ya kila watatu hawakujua kusoma. Kufikia 1986 serikali ilisema wamebaki mmoja hivi kati ya kumi. Vitabu vya kisomo vilifuata kazi za watu: pamba, mifugo, uvuvi, migomba. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu karibu milioni mbili, wakikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, kisha mmoja wao akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo.

Walioupanga mpango ule walitaka kila mtu afike mahali pa kusoma mwenyewe, na walifanikiwa kwa kiwango ambacho nchi chache maskini ziliwahi kukifikia. Mama wa barua angeweza sasa kujisomea. Hilo lilikuwa ukombozi, wala haifai kulipunguza kwa neno lolote. Lakini kimya hakikuja. Watu waliojifunza kusoma waliendelea kusomeana, kwa sababu walikuwa wamegundua raha ambayo msomaji wa peke yake haipati: kuona uso wa mwingine habari inapofika.

Wakati huo, kando ya barabara ya Songea kwenda Mbinga, shule ya Kigonsera ilikuwa imeshatoa msomaji aliyekwenda mbali. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso karibu na Masasi, alisoma hapo ilipokuwa seminari ya Wabenediktini, kabla ya Pugu na Makerere, alikosoma fasihi ya Kiingereza. Mwaka 1966 akawa mhariri wa magazeti ya TANU, The Nationalist na Uhuru. Baadaye Daily News. Kazi ya mhariri ni kusoma kabla ya nchi na kuamua nchi isome nini, yaani ni kazi ya yule katekista mwenye barua ya watu, ila wanaongoja ni mamilioni. Alikuwa Rais kuanzia 1995 hadi 2005, na mwaka 2019, chini ya mwaka mmoja kabla ya kufa, akatoa kitabu cha maisha yake. Kilipotoka, kurasa zilizozungumzwa sana ni zile alizokiri na kujutia, hasa kuhusu watu waliouawa Zanzibar Januari 2001. Yaliyosemwa juu ya uchumi hayakupata kelele hiyo. Wasomaji wa Tanzania walifanya kile kile wanachofanya wakisomewa barua: walitafuta mahali sauti inapobadilika.

Gazeti nalo huishi maisha marefu ukanda huu. Likishasomwa ofisini linafika nyumbani, linavalishwa madaftari ya watoto, na masalia yake hufungia vitumbua na karanga stendi. Mtu anayengoja basi la Mbamba Bay hula vitumbua vyake, kisha hunyoosha karatasi yenye mafuta na kusoma nusu ya kesi ya mauaji ya mwaka juzi. Hukumu iko kwenye kipande alichopewa mwingine. Anageuka na kumuuliza jirani yake yeye kapata kipande gani, na kwa njia hiyo watu wawili wasiojuana wanaanza kujenga hukumu wenyewe, wakagawanyika juu ya nani muuaji, na konda anapoita bado hawajakubaliana. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, ya kilomita 66 hivi, sasa ina lami, kwa hiyo mabishano yanayoendelea ndani ya basi yamekuwa mafupi.

Simu imeingia katika utaratibu huo huo bila kuuvunja. Ujumbe wa kikundi cha ukoo humfikia kwanza kijana mwenye kifurushi, naye huwasomea wazee uwanjani, na wazee humtazama usoni anaposoma ahadi za michango.

Lakini maandishi yanayosikilizwa kwa umakini kuliko yote Mbinga ni ya kahawa. Mkulima amechuma, amemenya, amechachusha, ameosha na kuanika. Anabeba magunia yake ya kahawa ya maganda hadi kwenye chama cha msingi. Karani wa mizani anapima, anataja kilo, anaandika kwenye stakabadhi. Macho matatu au manne yako kwenye mshale wa mizani, mengine kwenye kalamu. Stakabadhi hiyo huhifadhiwa pamoja na cheti cha ubatizo, kwa sababu kati ya siku ya kupima na siku ya malipo kuna safari ndefu: kukobolewa, kupangwa kwa madaraja, kuonjwa, mnada. Kwa miaka mingi mnada ulikuwa Moshi, upande wa pili kabisa wa nchi, na bei ya jasho la Mbinga ilisomwa huko kwanza na watu wengine kabla ya kushuka hadi kwa mwenye mbuni.

Kwa hiyo siku ya mkutano mkuu wa chama ukumbi hujaa. Taarifa ya mapato na matumizi imechapwa, nakala zimegawiwa, na karibu kila mtu anajua kusoma. Hata hivyo mwenyekiti husimama na kuisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho, na akijaribu kuruka ukurasa kwa kisingizio cha muda wanamrudisha. Wanafuata kwa kidole kwenye nakala zao huku masikio yakiwa kwake. Anasoma mauzo, makofi. Anasoma ushuru wa halmashauri, pembejeo, magunia. Anafika kwenye usafirishaji na kasi yake inaongezeka kidogo, kidogo tu, na mama mmoja wa viti vya nyuma, kitenge begani, miwani ikining'inia kwa uzi, ananyoosha mkono kabla hajamaliza mstari.

"Mwenyekiti, rudia hapo. Hizo shilingi za usafirishaji ni za safari ipi?"

Na hapo ndipo mkutano unapoanza hasa.